Magneto ya Mzee wa Timau

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu babu yenu anisamehe huko aliko. Ni siku niliyoipanda pikipiki ya baba yangu kutoka hapa Githongo, nikapita mjini Meru, nikapanda mlima mpaka Timau. Nilikuwa nimejifunga leso kichwani na kuvaa koti la mvua la baba, refu mpaka kwenye miundi. Nilipofika soko la Gakoromone, wanawake wakaacha kupima viazi wanitazame. "Woi! Ni mwanamke!" mmoja akapiga kelele. Nami, kwa vile nilikuwa na kiburi changu, nikapiga honi.

Sina haya kujisifu. Aliyejisifu kwa kazi ya mikono yake hajamwibia mtu. Lakini sikukuita hapa usikie majivuno ya ajuza. Keti, chukua uji huo kabla haujapoa, nikueleze neno ambalo baba aliniambia kabla sijaipanda. Hilo neno ndilo lililonifikisha Timau, kuliko hata petroli.

Baba alikuwa bwana shamba. Hapa kwetu hakuna mgongo wa mlima ambao hakufika kuwaonyesha watu jinsi ya kupogoa kahawa, na kote huko alifika kwa pikipiki moja, ya Kiingereza, nyeusi, tangi lake la kijani. Aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Watoto walikuwa wakiisikia ng'ambo ya bonde wanaimba, "Bwana shamba! Bwana shamba!" Basi mwaka mmoja wa mvua nyingi, ikateleza kwenye ule udongo mwekundu karibu na daraja, ikamwangukia mguuni. Mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo baba akawa mtu wa kiti na fimbo, na pikipiki ikaegemezwa kwenye banda la kuni. Kuku wakataga mayai ndani ya springi za kiti chake, na nyigu wakahamia kwenye bomba la moshi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Siku moja nikamsikia baba akimwambia mama kwamba amechoka, ataiuza kwa watu wa vyuma chakavu mjini, waikate wafanye majiko.

"Kila nikiiangalia," akasema, "naona mguu wangu."

Neno hilo lilinichoma. Nikatoka nje, nikaitazama ile pikipiki na kuku wake, nikarudi ndani nikasema, "Baba, nipe mimi. Nitaifufua."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama naye hakucheka. "Karimi, ukinuka petroli utaolewa na nani?"

"Na mwenye petroli," nikamjibu. Ulimi wangu ulikuwa hivi hivi tangu zamani.

Kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imechanua, mteremko wote mweupe. Baba akanyoosha fimbo yake kuelekea shambani. "Nakupa mpaka kahawa ile iive. Ikiiva kabla hii haijanguruma, inakwenda kukatwa, na sitaki kusikia kilio."

Basi nikaanza. Mimi sikuwa fundi, mwanangu. Nilikuwa na spana chache za baba, mswaki mzee, mafuta ya taa, na ukaidi. Nilifungua kitu kimoja kimoja nikakipanga juu ya magunia kwa utaratibu uleule niliokitolea, kama ninavyowapanga watoto mstarini, ili wa mwisho kutoka awe wa kwanza kurudi. Kutu niliisugua kwa mchanga na gunzi la mahindi. Spoki nilizigonga moja moja nikisikiliza sauti; iliyolegea husema uongo, utaijua tu. Klachi ilikuwa na vipande vya kizibo vilivyokwisha, nikaomba vizibo vya chupa kwa mwenye duka nikavichonga kwa wembe. Mchana mikono yangu ilikuwa nyeupe kwa chaki, jioni ni nyeusi kwa grisi. Watu wakasema binti ya bwana shamba ameingiwa na kitu kichwani. Wacha waseme. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na wanaoviona vikielea hawakuwapo wakati wa kuunda.

Mwanzoni baba aligeuza kiti akanipa kisogo. Baada ya wiki kadhaa kiti kikaanza kugeuka kidogo kidogo, kama ua la alizeti. Mwisho akawa ananielekeza kwa fimbo: "Hapo umekaza sana. Legeza."

Kila kitu kilikubali, isipokuwa kimoja. Magneto. Hiki ni kidude kilichokuwa kikizalisha cheche za kuchoma petroli katika pikipiki za zamani. Yetu ilikuwa imeungua nyaya zote ndani. Bila cheche, pikipiki ni kitanda cha chuma. Nikauliza maduka yote ya mjini, wakaniambia hizo ziliisha na wazungu.

Kuuliza si ujinga. Dereva mmoja wa lori la viazi akaniambia kuwa huko Timau yuko mzee mmoja Mtigania, Mmeru mwenzetu, anaitwa Kaberia, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya ngano. Ana pikipiki kama ya baba, nzima kabisa, na nyingine ya aina hiyohiyo iliyokufa anaiweka kwa ajili ya vipuri. Nilirudi nyumbani mbio nikamweleza baba.

Baba akauliza, "Kaberia wa ukoo gani?"

Nikamtajia ukoo alionitajia dereva. Baba akaweka kikombe chini. "Hao ni gichiaro chetu," akasema.

Ninyi watoto wa siku hizi sijui kama mnafundishwa haya. Gichiaro ni kiapo cha damu kati ya ukoo na ukoo, kiliapwa na mababu wa mababu zetu. Mtu wa gichiaro chako humdanganyi, humdhuru, na akikuomba kitu humkatai, hata kama ni ng'ombe wako wa mwisho. Anayevunja, mabaya yanamfuata yeye na watoto wake. Sisi ni watu wa kanisa, tuliacha mengi, lakini gichiaro hatukuchezea. Hata mzee wa kanisa akiambiwa neno hilo hukaa wima.

Sasa fikiria furaha yangu! Nilirukaruka pale jikoni mpaka mama akaokoa sufuria. "Basi yamekwisha! Kesho naenda namwambia mimi ni nani, ananipa magneto, mchezo umekwisha!"

Baba akapiga fimbo sakafuni. "Karimi! Keti chini."

Nikaketi.

"Umefurahia nini?" akaniuliza. "Umefurahi kwa kuwa utapewa, au kwa kuwa yule mzee hana njia ya kukunyima?"

Nikaanza kuchezea ncha ya leso yangu.

"Wazee wale waliapa ili mtu asife njaa mlangoni mwa mwenzake, na wasiuane vitani. Hawakuapa ili wewe upate magneto." Alisema polepole, na baba akisema polepole ilikuwa vibaya kuliko akifoka. "Sikiliza, binti yangu. Mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake usiichukue. Atakupa, naam, lakini hutajua maisha yako yote kama alikupa au ulimpora."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nenda. Mwomba chumvi huombea chungu chake, kuomba si aibu. Lakini nenda kama mgeni tu. Mwachie mlango wa kukataa."

"Na akiniuliza ukoo wangu? Siwezi kumdanganya!"

"Huwezi," akasema baba, akachukua kikombe chake. "Si wewe ndiye mwalimu? Tafuta jibu."

Wee! Nilikasirika. Nilinuna, hata chakula nikakiacha. Nilijiambia mzee huyu hataki tu pikipiki ifufuke. Lakini Jumamosi nilipopanda lile lori la viazi, neno lake nalo lilipanda.

Timau ni baridi, mwanangu. Upepo unashuka kutoka kwenye barafu ya mlima unakuja kukuuliza umevaa nini ndani. Nikamkuta Mzee Kaberia nje ya boma lake, mrefu, kofia ya sufu, gambuti, na miraa shavuni. Nyuma yake, chini ya bati, zilikuwa pikipiki mbili: moja inang'aa, nyingine mifupa mitupu. Na kwenye ile mifupa magneto ilikuwepo, nikaiona kwa macho yangu. Nikamsalimu kwa heshima, nikamwambia mimi ni mwalimu kutoka Githongo, nafufua pikipiki ya baba, na ninaomba magneto ile, kwa bei yoyote atakayosema.

"Nani anafufua?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe? Na hiyo sketi?" Akacheka, miraa nusura imtoke. "Rudi uchume kahawa, mwalimu."

Nikamtajia kila kitu nilichofungua na nilivyokirudisha, mpaka vile vizibo vya klachi. Kicheko kikamwisha. Akazunguka ile mifupa yake, akaishika ile magneto. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Hii iliyokufa ndiyo akiba ya hii iliyo hai. Nikikupa leo, kesho yangu ikizima, nitabaki kama baba yako. Siwezi."

Hapo ndipo ulimi uliponiwasha! Neno moja tu, jina la ukoo wangu, na ile magneto ingekuwa mkobani mwangu. Angeifungua kwa mikono yake mwenyewe bila kunitazama usoni. Nilikuwa na ufunguo mdomoni, na kahawa nyumbani ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Nikauma mdomo wa chini mpaka nikasikia chumvi ya damu.

Naye, kama aliyetumwa kunijaribu, akauliza, "Kwani wewe ni wa ukoo gani huko Githongo?"

"Mzee," nikasema, "nikikujibu leo nitakuharibia jambo. Niulize siku nitakayorudi hapa juu ya pikipiki."

Alinitazama sana. Kisha akacheka tena, lakini safari hii kicheko cha wema. "Siku hiyo utakuta mbuzi wako!"

Nikarudi na lori lilelile, mkono mtupu. Sitakuficha, nililia kidogo, viazi ni mashahidi. Tulipofika kwenye kilima kimoja, lori likazima. Dereva akafungua boneti, akapangusa kidude kimoja cha duara kwa kitambaa, akaunganisha waya, likawaka. Nikamuuliza kile ni nini. "Koili," akasema. "Inachukua umeme wa betri inaufanya cheche."

Nikabaki mdomo wazi. Lori lile halikuwa na magneto! Cheche ni cheche tu. Moto haujali umetoka jiko gani. Mimi nilikuwa nimeshikilia magneto, magneto, kumbe nilichohitaji ni cheche. Na lau Mzee Kaberia angenipa siku ile, nisingekuwa na sababu ya kuchungulia chini ya boneti ya mtu.

Mjini Meru kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, mchinjaji, jina lake Salim, na nyuma ya bucha yake palikuwa na pikapu iliyokufa zamani. Nikamwendea, nikamwomba koili yake, na safari hii nilikuwa nimejifunza. "Mzee Salim," nikamwambia, "ukiona huwezi, niambie tu, sitakasirika."

Akanitazama juu ya miwani, akafuta kisu chake. "Chukua, binti. Lakini nyumba ya baba yako ikiungua, mimi sikujui, wewe hunijui." Tukacheka wote. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama mtoto aliyefunga shule. Ndiyo ya mtu aliyeweza kukukataa ni tamu, mwanangu, huiwekei sukari.

Betri nilinunua mwenyewe, nikaitengenezea kisanduku cha mbao ubavuni mwa pikipiki. Nikaunganisha nyaya, nikakosea, nikapigwa na umeme, nikafungua nikaanza upya. Na siku zilikuwa zinakwenda. Asubuhi moja nikiwa nimeinama na waya mdomoni, mama akatoka shambani na kikapu, akakiweka mbele ya kiti cha baba. Ndani mlikuwa na kahawa nyekundu, ya kwanza ya mwaka ule.

Nikasimama. Baba akaingiza mkono kikapuni, akachukua tunda moja, jekundu kama damu, akalibinya. Mbegu mbili zikatoka, zinateleza vizuri kabisa. Mtoto yeyote wa hapa angekuambia kahawa ile imeiva. Baba akalitazama, akalitupa kwa kuku.

"Bado," akasema.

"Bado?" mama akashangaa.

"Ni nani bwana shamba hapa? Kahawa imeiva nikisema imeiva. Karimi, endelea."

Niligeuza uso asinione. Jumamosi iliyofuata nikamimina petroli, nikafungua swichi, nikakanyaga kiki. Kimya. Nikakanyaga tena, ikanirushia teke nusura inivunje goti. Mama akaanza kuomba. Nikakanyaga tena kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na mwanangu, ikanguruma! Nyigu waliosalia wakatoka bombani, kuku wakapaa mpaka juu ya banda, na ng'ambo ya bonde watu wazima, wale wale walioimba wakiwa watoto, wakapiga kelele: "Bwana shamba! Bwana shamba!"

Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa amesimama. Fimbo yake ilikuwa bado kitini.

"Usizidishe mafuta!" akanifokea, na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Sikiliza injini, usizidishe!"

Alinifundisha kuiendesha kati ya mistari ya kahawa, yeye kitini, mimi nikianguka na kuinuka. Nilipoiweza, nikafunga ile leso kichwani nikaenda Timau.

Mzee Kaberia aliisikia kabla hajaniona, akawa tayari amesimama barabarani. Akaizunguka, akainama, akaona ile koili ya pikapu na kile kisanduku cha mbao. Akatikisa kichwa, akacheka, akanipa mikono yote miwili. "Sasa nakuuliza, mwalimu. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia.

Kicheko kikamkauka. Akavua kofia, nikaona mvi zake zote. "Ulisimama hapa," akasema, "nami nikakunyima, nawe ukanyamaza?"

"Baba alisema nikuachie mlango wa kukataa."

Akarudisha kofia kichwani. Kisha akaweka kiganja juu ya lile tangi la kijani. "Gichiaro huenda pande zote mbili, binti yangu. Sasa ni zamu yangu kuomba. Nawe huwezi kunikataa."

Nikaitazama pikipiki, spoki zake nilizozigonga moja moja, na nikajua kwamba akiitaka nitampa na kurudi nyumbani kwa miguu. Nikasema, "Omba, mzee."

"Nipeleke kwa baba yako," akasema. "Nataka kumwamkia mtu aliyekulea."

Tulirudi Githongo watatu: mimi mbele, yeye nyuma, na mbuzi wa ahadi yake katikati, ndani ya gunia, kichwa nje, analia kila kona. Gakoromone ilisimama yote.

Wazee wale wawili walikaa pamoja mpaka jua likaegemea mlima. Sikuyasikia yote waliyoongea, ya gichiaro ni yao. Mwisho baba akaniita. Akasema, "Karimi, nipandishe." Mama akaguta, lakini Mzee Kaberia akamshika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukamweka kwenye kiti cha nyuma, mguu wake mbovu umenyooka pembeni. Nikampitisha polepole kwenye njia zake za zamani, na watu wakatoka majumbani kumpungia. Tulipofika kwenye lile daraja, akanigusa bega nisimame. Akaitazama ile pikipiki, akautazama ule udongo.

"Nilikuwa nikiiangalia naona mguu wangu," akaniambia. "Sasa namwona binti yangu."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, nimekuita uisikie. Wewe sasa umekua, una kazi, una sauti, na wapo watu ambao hawawezi kukuambia hapana. Mama yako ni mmoja wao. Ukimwomba auze ng'ombe akununulie pikipiki ya biashara, atamuuza usiku huohuo. Kesho utakuwa na wafanyakazi, watakuogopa. Utakutana na mtu mwenye shida, atakubali lolote. Hapo ulimi utakuwasha, kama ulivyoniwasha mimi Timau. Ung'ate. Omba, ndiyo, lakini mwachie mtu mlango wa kukataa, na akikataa umshukuru, uende ukatafute cheche yako kwingine. Ipo. Na siku utakapopita Gakoromone umekalia kitu cha jasho lako, ambacho hakuna aliyelazimika kukupa, piga honi. Piga hata mara mbili, useme nyanyako ndiye aliyekuruhusu.

Sasa niletee kichwa chako hapa nikiguse. Mungu wa mlima huu, aliyempa baba yangu neno, akupe mikono isiyoogopa kutu. Akupe marafiki watakaokupa kwa kupenda, na wewe uwe na cha kuwapa. Njia zako zikauke matope, na daraja lolote lililowaangusha wazee wako, wewe ulivuke salama. Haya, maliza uji.